Sashe juu ya sufuria: maneno tuliyosoma mbele ya vijana wa Goma



Tunajua wengi wenu mlikuja mkifikiri tutaongea juu ya usalama, ao juu ya robine zinazokohoa siku nzima bila kutoa maji. Tutafika huko. Lakini leo tunaingia kwa mlango mdogo, mlango wa jikoni, juu ya kitu ambacho karibu kila mmoja wetu amekishika leo mbele ya kufika hapa: sashe.

Mama anapika muchele. Maji yakikaribia kukauka anachukua sashe, anaitandaza juu ya sufuria, anaibana pembeni, anapunguza makala. Mvuke unabaki ndani, muchele unaiva hadi chini, na makala yanaokoka kwa ajili ya kesho. Kwa bei ya makala ya Goma, hiyo ni akili, si ujinga. Hakuna hata mmoja kati yetu tulioandika maneno haya ambaye hakukulia kwenye muchele wa sashe, na tuseme ukweli, ulikuwa mtamu.

Lakini muangalie ile sashe wakati mama anaitoa. Haiko tena na umbo lake. Imejikunja, imelegea, mahali pengine imetoboka. Swali letu la kwanza lilikuwa swali la mtoto: kile kipande kilichopungua, kimeenda wapi?

Kimeenda kwenye sahani.

Na hata pale ambapo sashe inatoka nzima, bila tundu, bado kuna kitu kinachobaki kwenye chakula. Hicho njo tunakitaka mkielewe vizuri, juu ya macho hayawezi kukiona. Plastiki inapopata moto, inapopigwa na jua, inapokwaruzwa, inaacha vipande vidogo. Vile vya chini ya milimita 5 wataalamu wanaviita maikroplastiki. Vingine ni vidogo zaidi sana, vinapimwa kwa nanometa, na wanaviita nanoplastiki. Chukueni milimita moja kwenye rula ya masomo, muigawe mara milioni moja: kipande kimoja cha hiyo ni nanometa moja. Unywele wa kichwa una upana wa nanometa karibu 80.000. Kipande cha nanometa 100, mkivipanga bega kwa bega, vitaingia kama 800 kwenye upana wa unywele mmoja. Huwezi kukichuja na kitambaa, huwezi kukisikia kwenye ulimi.

Udogo huo njo shida yenyewe. Kipande kikubwa cha plastiki ukikimeza, mara nyingi kinapita tumboni na kutoka. Kidogo kabisa kinaweza kupenya ukuta wa utumbo na kuingia kwenye damu. Hatusemi hivi kwa kutisha watu. Mwaka 2022 wataalamu wa chuo kikuu kimoja cha Amsterdam, Uholanzi, walichunguza damu ya watu 22 wazima wa afya, na wakakuta plastiki kwa 17 kati yao. Wengine, huko Italia, walikuta vipande vya plastiki kwenye kondo la nyuma la wamama waliojifungua.

Sasa, ni moto ngapi unahitajika? Utafiti ambao ulitufanya tukae chini na kuandika hotuba hii ulifanywa na Trinity College ya Dublin, Ayalandi, na ulitoka mwaka 2020. Walichukua biberoni za plastiki ya polipropileni, zile zile za kawaida zinazouzwa duniani kote, wakafuata maagizo ya kutengeneza maziwa ya mtoto. Kwa maji ya digrii 25, biberoni iliacha vipande karibu 600.000 kwa litre moja. Kwa maji ya digrii 95, ikaacha hadi milioni 55. Chupa ile ile, maji yale yale. Tofauti ni moto tu.

Digrii 95. Wale waliosoma fizikia watakumbuka kwamba kadiri unavyopanda juu, maji yanachemka mbele ya kufika 100. Sisi hapa Goma tuko karibu metre 1.500 juu ya bahari. Maji yetu yanachemka kwenye digrii 95 hivi. Kwa hiyo ule utafiti wa Dublin, bila kujua, ulipima sufuria ya Goma.

Kuna utafiti mwingine unaopita sana kwenye simu, ule wa chuo kikuu cha McGill, Kanada, wa mwaka 2019, juu ya vifuko vya chai vya plastiki. Walisema kifuko kimoja kwenye kikombe cha moto kinaacha mabilioni ya vipande. Tunautaja kwa sababu mtakutana nao, lakini wataalamu wengine waliupinga: walisema sehemu ya vile vilivyohesabiwa pengine si plastiki kamili, ni mabaki mengine yanayotoka kwenye plastiki na kukauka. Sisi hatukuja hapa kuwauzia hesabu kubwa. Kama namba inabishaniwa, tunawaambia inabishaniwa. Lakini hakuna upande hata mmoja kati ya hizo mbili uliosema kwamba plastiki ikipikwa haitoi kitu.

Na maji ya chupa, yale tunayonunua tukifikiri tumekuwa wakubwa? Mwezi wa kwanza mwaka 2024, wataalamu wa Columbia, New York, walitoa hesabu yao: kwenye litre moja ya maji ya chupa ya aina tatu zinazouzwa Marekani, walikuta kwa wastani vipande 240.000, na tisa juu ya kumi vilikuwa nanoplastiki. Sehemu moja ya plastiki hiyo, wanafikiri, ilitoka kwenye vichujio vyenyewe vinavyotumika kusafisha yale maji. Yaani ufagio njo unaleta vumbi.

Inafanya nini ndani ya mwili? Hapa tunapunguza mwendo, juu ya hapa njo uongo unaingiaka kwa urahisi. Mwezi wa tatu mwaka 2024, madaktari wa Italia walichapisha kazi yao. Walikuwa wamepasua watu wenye mshipa mkubwa wa shingo ulioanza kuzibwa na mafuta, wakachunguza ule uchafu waliotoa. Kwa wagonjwa 257 waliofuatwa hadi mwisho, 150 walikuwa na polietileni ndani ya huo uchafu. Polietileni njo kitu kinachotengeneza sashe. Kwa muda wa karibu miaka mitatu, wale waliokuwa na plastiki walipata shida ya moyo, kupooza, ao kifo, mara nne na nusu kuliko wale wasiokuwa nayo. Je, ni plastiki iliyowaua? Madaktari wenyewe hawakusema hivyo. Pengine wale watu walikuwa na kitu kingine kilichofanana, kazi yao, moshi, chakula chao. Kazi hiyo inaonyesha vitu viwili vinatembea pamoja. Haionyeshi bado kwamba kimoja kinamsukuma mwenzake. Mtu akiwaambia kwenye WhatsApp kwamba sashe inaleta kansa kwa hakika, mumuulize ametoa wapi. Akiwaambia hakuna hatari, mumuulize vilevile.

Sasa tuwaambie jambo ambalo halituletei sifa.

Mwanzoni hotuba hii ilikuwa tofauti. Tulikuwa tumeandaa kampeni: «Tupa plastiki yote». Mabango yalikuwa tayari kwenye kichwa. Tukaenda kujaribu maneno yetu kambini Bulengo, kwa wandugu waliokimbia vita. Tuliongea vizuri, tukaeleza nano, tukaeleza Dublin. Mama mmoja alitusikiliza hadi mwisho, mkono juu ya bidoni yake ya njano, kisha akasema: «Batoto bangu, munasema plastiki iko mubaya. Sawa. Miye niko na bidoni moja, njo nalindaka maji ndani. Kolera ilinibebea mutoto mwaka ulipita. Sasa nikamate maji mu mikono?»

Hatukuwa na jibu. Mmoja wetu alianza kuongea juu ya vyombo vya chuma cha pua, mwingine akamkanyaga mguu.

Tulirudi kwa miguu bila kuongea sana, na tukabomoa kampeni. Yule mama alikuwa na haki, na hata OMS, Shirika la Afya Duniani, lilishasema kitu karibu na chake. Kwenye ripoti yao ya mwaka 2019 juu ya maikroplastiki kwenye maji ya kunywa, waliandika kwamba ushahidi bado ni mdogo, utafiti uendelee, lakini wadudu wa magonjwa ndani ya maji machafu ndio hatari inayojulikana, na ndiyo inapaswa kushughulikiwa kwanza. Kolera inaua kwa siku moja. Nanoplastiki, kama inaua, inachukua miaka.

Kwa hiyo musikie vizuri, na mutakaporudi ku kartie musibadilishe maneno yetu: hatusemi mutupe bidoni. Hatusemi muache maji yaliyotiwa dawa eti juu yanatoka kwenye tanki la plastiki. Maji ya baridi kwenye bidoni safi yenye kifuniko ni bora kuliko maji ya ziwa kwenye sufuria wazi. Mtu asiye na njia nyingine ya kupata maji safi isipokuwa ya sashe, anywe.

Tunachosema ni kidogo zaidi, na tunaamini kinawezekana hata Bulengo: plastiki na moto visikutane.

Fikirieni mahali vinapokutana kila siku bila mtu kulazimishwa. Sashe juu ya muchele, tumeisema. Sombe ya moto, maharagi ya moto, uji wa moto, vinavyomwagwa ndani ya sashe kwenye barabara na kufungwa fundo; na mara nyingi ni ile sashe nyeusi, ambayo haikutengenezwa kwa chakula hata kidogo, imetengenezwa kwa plastiki za zamani zilizochanganywa, hakuna anayejua zilikuwa nini mbele. Chai ya moto kwenye gobele laini inayojikunja mkononi. Kijiko cha plastiki kinachobaki ndani ya mafuta yanayochemka. Bidoni za maji na makatoni ya chupa yanayokaa juani siku nzima mbele ya duka, kisha tunasema «maji iko safi, imefungwa».

Na mbabula. Hii inatuuma zaidi kwa sababu hata siye tunaifanya: asubuhi, makala yanakataa kushika, mtu anakunja sashe mbili, anawasha, anaziweka chini. Makala yanashika, ndiyo. Lakini ule moshi mweusi ni plastiki iliyogeuka kuwa vumbi dogo kabisa, pamoja na sumu zake, na unaingia moja kwa moja kwenye mapafu ya yule anayeinama kupuliza. Kama kati ya hizo plastiki kuna kipande cha PVC, kama kile cha maganda ya nyaya za umeme, kinaweza kutoa dioksini, na hiyo haibishaniwi: ni sumu inayojulikana tangu zamani. Anayeinama kupuliza ni nani? Kwa nyumba nyingi ni msichana wa miaka kumi na mbili.

Kuhusu biberoni, tuseme wazi kwa wadada walio na watoto wadogo, na wakaka pia, juu ya mtoto si wa mama peke yake. Ziwa la mama halina plastiki ya biberoni. Kama linapatikana, hilo ndilo la kwanza. Kama biberoni ni lazima, wale wa Dublin hawakusema itupwe, wala hawakusema muache kuichemsha, kwani wadudu wanaua watoto. Walisema: baada ya kuichemsha, isuuze mara tatu kwa maji safi yaliyochemshwa ndani ya chombo kisicho cha plastiki na kupoa. Maziwa yatengenezwe kwa moto ndani ya kikombe cha chuma ao cha glasi, yapoe, kisha yamiminwe. Na musiitikise kwa nguvu ikiwa ya moto. Haiombi franka hata moja zaidi.

Bon. Hayo ni ya nyumbani. Lakini sisi ni harakati ya raia, si darasa la mapishi.

Tarehe 30 Desemba 2017, waziri mkuu wa wakati ule, Bruno Tshibala, alitia sahihi amri nambari 17/018. Amri hiyo inakataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko, masashe na vifungashio vingine vya plastiki katika nchi yetu. Ilianza kutumika mwaka 2018. Mlicheka? Sisi pia tulicheka, mara ya kwanza tulipoisoma, tukiwa tumekaa mahali ambapo juu ya meza kulikuwa na masashe matano. Hii sheria ipo. Si sisi tunaiomba. Ilishatoka, na nambari yake.

Kila mtu aliyevuka Petite Barrière anajua kinachotokea upande wa pili. Sashe yako inabaki mpakani. Rwanda ilitoa sheria yake mwaka 2008, na tangu hapo mtu wa Gisenyi amebeba nyanya kwa kikapu ao kwa mfuko wa karatasi, na hajafa. Tunajua kutaja hiyo nchi kwa mfano mzuri, baada ya wandugu zetu kulala kwenye mawe huko Bulengo na Kanyaruchinya, kunawasha masikio. Yanatuwasha na sisi. Lakini amri yetu inatoka Kinshasa, ina sahihi ya Kongo, na kutoifuata ni kosa letu wenyewe. Katika hilo hakuna jirani wa kumsingizia.

Tena tunajua vizuri jinsi amri inavyotumikaka hapa, siku inapokumbukwa. Gari linafika sokoni. Wanamkuta mama mwenye masashe ishirini kichwani, yale anayouza moja moja, wanamnyang'anya, na akitoa kitu kidogo wanamrudishia. Tumeiona kwa macho yetu. Wakati huohuo depo la mtu anayeleta masashe kwa tani haliguswi, na kila mmoja kwenye soko anajua depo hilo liko wapi. Kama hiyo njo itakuwa vita dhidi ya plastiki, sisi tutasimama mbele ya yule mama.

Kwa hiyo ombi letu kwa wakubwa wa jimbo lina mpangilio wake. Waanze mpakani na kwenye madepo. OCC, ambayo kazi yake ni kukagua bidhaa zinazoingia, iseme hadharani ni plastiki gani zinazoingia kwa ajili ya chakula na ni zipi hazifai kugusa chakula, na sashe nyeusi iondoke kwanza kwenye vyakula vya moto. Vituo vya afya na nyumba za uzazi viwaeleze wamama habari ya biberoni siku mtoto anapozaliwa, si baadaye. Na juu ya yote, robine zitoe maji. Hapa njo tunarudi kwenye kile mlichokuja kusikia: mtu mwenye maji safi nyumbani hanunui sashe ya maji kwenye jua la saa sita. Kila siku ambayo robine inakauka ni siku ambayo leta yenyewe inatuuzia plastiki.

Hatutangoja wajibu. Wakubwa wa dunia nao bado wanabishana: walikubaliana Nairobi mwaka 2022 kwamba patakuwa na mkataba wa plastiki, mwezi wa ine mwaka 2024 walikutana tena Ottawa, na mkataba bado. Sufuria ya leo jioni haiwezi kuwangojea.

Tumeongea na mafundi wawili wanaotengeneza mbabula. Wamekubali kukata vifuniko vya sufuria, vizito kidogo, vinavyoziba mvuke karibu sawa na sashe. Tulijaribu kimoja nyumbani kwa wiki mbili. Muchele uliiva. Siku ya kwanza uliungua chini, lakini hiyo ilikuwa kosa la mpishi wetu, hatutamtaja. Tuliwaomba mafundi watumie bati jipya lisilo na rangi, musikubali mtu awauzie kifuniko cha bati la paa la zamani, juu ya rangi za zamani zina sumu yake. Mtu akikosa kifuniko, sahani ya chuma iliyogeuzwa na jiwe juu yake inafanya kazi. Majani ya mgomba pia. Bibi zetu walipika hivyo mbele sashe haijafika Kivu. Na kwa kuwasha makala, vijiti vikavu ao maganda ya mahindi.

Jumamosi hii, salongo ikiisha, tutakuwa Kituku, upande wa wanaouza sambaza. Wale wanaotaka kifuniko walete kipimo: chukueni kamba, muizungushe kwenye mdomo wa sufuria ya nyumbani, mukate pale inapokutana. Fundi atafuata kamba. Wenye sufuria mbili walete kamba mbili. Andikeni jina lenu na la kartie kwenye kipande cha karatasi na mukifunge pamoja na kamba, kwa sababu mara iliyopita tulichanganya vitu vya Majengo na vya Katindo na tukatukanwa wiki nzima.